Betri mbili za 7 hazikupi 14: kilichonikuta kwenye paneli ya faya alamu

Juzi kaka mmoja kanitumia meseji, ana paneli ya faya alamu, lile boksi linaloendesha vitambuzi na ving'ora vya moto, ya volti 24, betri zimekufa, anauliza "nikiweka mbili za 7Ah si napata 14Ah hapo, zitanitosha?" Ah ni ampia-saa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. Nimeisoma nikakaa kimya kwa muda, maana mimi swali kama hilo sikumuuliza mtu yeyote, nilijijibu mwenyewe na jibu langu likaniaibisha mbele za watu. Kwa hiyo namjibu yeye na nyie wengine mnaofanya hii kazi msome, najua wote tunataka kukabidhi kazi na kuondoka bila simu ya saa nane usiku.

Kwanza swali lake. Hapana kaka, hupati 14. Betri mbili za volti 12 ukiziunga mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya mwenzake, volti ndo zinajumlika zinakuwa 24, zile Ah zinabaki 7 vilevile. Ungeziunga sambamba ndo ungepata 14, ila volti zingebaki 12 na paneli isingewaka. Na hiyo 7 yenyewe ina masharti, kiwandani wanaipima kwa kuinyonya betri taratibu saa 20, yaani 0.35 ampia. Ukiinyonya kwa ampia 7 usitegemee saa nzima, itakata mapema.

Sasa yangu. Lilikuwa jengo la ofisi, ghorofa nne. Niliitwa kubadilisha betri, kuongeza vitambuzi vya moshi na ving'ora ghorofa mbili za juu, na kufunga paneli ndogo getini kwa walinzi ili nao waone moto uko wapi. Kazi ya kuvuta waya sitaisimulia, waya ni waya. Siku ya mwisho nikafungua boksi la paneli nikakuta betri za zamani ni 7Ah, nikanunua 7Ah mpya, nikafunga, taa ya kijani ikawaka, nikafunga mlango. Sikupiga hesabu yoyote. Nilishajiona fundi, nikasema aliyenitangulia alijua alichofanya. Na kweli alijua, ila yeye alihesabia ghorofa mbili.

Mkaguzi akataka jaribio kamili. Umeme uzimwe Ijumaa saa kumi jioni, paneli ikae kwa betri saa 24, halafu Jumamosi saa kumi jioni abonyeze kitufe cha moto na ving'ora vilie nusu saa. Nikakubali bila wasiwasi wowote, nikaenda nyumbani nikalala.

Jumamosi saa tatu asubuhi paneli ikaanza kulia kwamba betri zimeshuka. Mlinzi akainyamazisha, maana tangu jana yake ilikuwa inapiga kelele kwamba umeme hakuna na sisi wenyewe tulimfundisha abonyeze pale. Saa tano ikazima kabisa. Saa 19 tu na betri mpya! Baadaye nilikuja kujua zile betri zilikaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa, lakini hata zingekuwa zimetoka kiwandani wiki ile zisingefika. Hakuna aliyenipigia simu. Nimefika saa tisa na nusu na shati langu la pasi nakuta kioo cheusi, hata taa moja haiwaki, na kabla sijajua nifanye nini mkaguzi akaingia na meneja wa jengo. Mkaguzi hakusema kitu, aliandika tu. Meneja ndo alisema, mbele ya walinzi na vijana wangu wawili, "Mimi nilidhani nimeleta fundi." Miaka imepita ila hiyo sentensi bado naisikia nikifungua mlango wa paneli yoyote.

Wale vijana walikuwa wanajifunza kwangu. Hapo ndo paliponiuma zaidi.

Nikaomba siku tatu. Nikachaji betri, nikarudi na multimita, kile kipimo cha umeme, nikafanya kile nilichotakiwa kukifanya mwanzo, nikapima. Unazima umeme ili paneli iishi kwa betri peke yake, ukipima chaja ikiwa inafanya kazi utasoma mkondo wa kuchaji na utajidanganya, halafu unachomoa waya mmoja wa betri unaipitisha multimita katikati, kwenye tundu la ampia 10. Ukimaliza rudisha waya wa multimita kwenye tundu la volti hapohapo, usisubiri, maana ukisahau ukaenda kupima volti nayo ikiwa kwenye ampia utapiga shoti. Paneli ikiwa imetulia nilisoma 0.31 ampia. Nikawatangazia watu wa jengo, nikabonyeza moto, ving'ora vyote vikalia, nikasoma 2.1.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza, ndo maana inauma. 0.31 mara saa 24 ni 7.44. Hapo tayari 7Ah imeshashindwa na hata king'ora kimoja hakijalia! Nusu saa ya moto kwa 2.1 ni 1.05, na kwa vile mkondo mkubwa unaichosha betri kuliko hesabu inavyosema, kanuni ya Waingereza, BS 5839-1, inaizidisha kwa 1.75, unapata kama 1.84. Jumla 9.28. Halafu unazidisha kwa 1.25 kwa ajili ya uzee, maana betri unayoifunga leo sio itakayokuwepo miaka mitatu mbele, inatoka 11.6. Betri ya 12 ingepita kwa kubana sana, mimi nikapanda hadi 17.

Ila kabla ya kununua nilisoma kitabu cha paneli, na hapa wengi mnaruka. Kila chaja ina mwisho wake, imeandikwa kabisa betri kubwa kiasi gani inaruhusiwa. Kiwango cha Ulaya, EN 54-4, kinataka betri iliyoisha irudi asilimia 80 ndani ya saa 24, sasa ukifunga betri kubwa kuliko chaja, umeme ukikatika mara mbili kwenye wiki, ile mara ya pili itakukuta huna kitu. Yangu iliruhusu 17. Hazikuingia kwenye boksi, nikafunga boksi lingine chini yake kwa waya mfupi. Jaribio la pili lilifika saa 24 na ving'ora vikalia nusu saa yote, nilisimama palepale mpaka dakika ya mwisho. Meneja alisaini bila kuniangalia.

Ndugu zangu, pimeni. Usiangalie betri iliyokuwepo, usimuulize muuza duka, usikopi ya saiti iliyopita, pima. Jengo linabadilika, mtu kaongeza king'ora, mwingine kaongeza kifaa cha kupiga simu, na kila kimoja kinakunywa kidogokidogo usiku na mchana. Ujue pia unatumia kanuni ipi, Wamarekani kwenye NFPA 72 wanataka saa 24 halafu dakika 5 za kengele, mfumo wa sauti ya kutangaza dakika 15, na akiba ya ziada juu yake. Kuna majengo yanayobaki bila mtu wikiendi nzima ambapo Waingereza wanaenda hadi saa 72, hapo 0.31 yangu ingekuwa zaidi ya 22 kabla ya kitu kingine chochote. Na joto jamani, betri hizi zimepimwa kwa nyuzi 20 hadi 25, kila ukiongeza kama nyuzi 10 umri wake unakatika nusu, halafu mtu anaifunga paneli chumba cha jenereta. Hiki kifaa kinalinda watu waliolala. Fundi anayekisia hapa anakisia na roho za watu, na nasema hivi nikijua nilikuwa yeye.

Kaka wa meseji nilimwambia apime, jana usiku karudisha namba: 0.16 ikitulia, 0.8 ikilia, na kanuni anayofuata ni hiyohiyo ya saa 24 na nusu saa. Inakuja 3.84, jumlisha 0.7, mara 1.25, kama 5.7. Kwa hiyo 7Ah zinamtosha, mbili mpya za aina moja, asichanganye na ile moja ya zamani anayosema bado nzima, na aandike tarehe ya kufunga kwa maka pen juu ya kila moja.