Anayebweka sana huenda ndiye mwoga

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Utajuaje kwamba mbwa wako anaogopa, na humsaidiaje?" Mimi naanzia getini. Mtaani kwetu hapa Arusha nyumba nyingi zina kibao cha kuonya kuhusu mbwa mkali, na wenye nyumba wanajivunia. Lakini mtazame vizuri huyo mbwa. Anabweka huku anarudi nyuma, masikio kayalaza, mkia kaufyata. Mgeni akimkabili, anazidi kurudi nyuma. Mgeni akigeuka kuondoka, ndipo anamkimbilia visigino. Huyo ni mwoga aliyegundua kwamba kelele hufukuza watu, basi anazitumia.

Mara nyingi tumemtengeneza wenyewe. Mtoto wa mbwa huizoea dunia kwa urahisi tangu akiwa na wiki 3 hivi mpaka kama wiki 12 au 14. Anachokutana nacho wakati huo bila kuumizwa hukiona cha kawaida. Asichokutana nacho anaweza kukitilia shaka hadi uzeeni. Na wakati huohuo ndio tunamfungia bandani mchana kutwa asizoee watu, eti atakuwa mlinzi mzuri. Akikua hajawahi kuona mtoto mdogo, mtu mwenye mwamvuli wala bodaboda, vyote vitatu vinamtisha. Tena mbwa anayebwekea kila kipitacho si mlinzi: majirani wakishamzoea, hata akibwekea mwizi hakuna anayetoka kuangalia.

Kabla hajabweka, alishasema mengi. Alilamba midomo wala hakuna chakula. Alipiga miayo ilhali hana usingizi. Aligeuza kichwa pembeni huku jicho likibaki kwa mtu, weupe wake ukaonekana. Aliinua mguu mmoja wa mbele, au alihema kwa kasi asubuhi ya baridi, au aliganda tu kama hajui aende wapi. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu hata mbwa aliyetoka kulala hupiga miayo. Zikija mbili tatu pamoja, mtoe hapo au mwondolee kinachomtisha.

Tusipoziona hizo, anafikia kunguruma, na hapo ndipo wengi huchukua fimbo. Msifanye hivyo. Kunguruma ni onyo. Ukimchapa kwa kunguruma, hofu inabaki ndani, onyo ndilo linaloondoka. Siku nyingine atauma bila kutoa sauti. Na kwetu, ambako kichaa cha mbwa bado kinaua watu, kuumwa si jambo dogo. Mbwa achanjwe, na aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu radi za masika na fataki za mkesha wa Mwaka Mpya: mtoeni kwenye mnyororo. Mbwa aliyefungwa hawezi kujificha, na kujificha ndiyo dawa yake ya kwanza. Mwingizeni ndani, fungeni pazia, washeni redio. Akiingia uvunguni, mwacheni. Akija miguuni pako, mshike. Wapo watakaokwambia kwamba ukimbembeleza unamfundisha uoga, lakini hofu si hila anayoifanya ili apewe zawadi. Hakikisheni geti limefungwa, kwa maana usiku wa fataki mbwa hukimbia ovyo na kupotea.

Kazi kubwa hufanywa miezi ambayo hakuna radi. Weka sauti ya radi kwenye simu, ndogo kiasi kwamba anaisikia lakini haimshtui, halafu mpe kipande cha nyama. Sauti itangulie, nyama ifuate. Ongeza sauti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Siku akikataa nyama, umeharakisha mno, punguza sauti. Kwa wageni ni vivyo hivyo: mgeni akae mbali, asimkodolee macho wala kumshika kichwani, amrushie kitu kitamu na kuendelea na mazungumzo yake. Kumburuta hadi kwa mgeni "ili azoee" kunamthibitishia tu kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Mbwa mtu mzima aliyeanza kuogopa ghafla apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo. Sikio bovu, jino au viungo vinavyouma humfanya ashtuke ovyo, na hapo nyama na simu havitamfaa. Zipo pia dawa za hofu kwa mbwa ambao radi inawatetemesha hadi kuvunja milango, ila mwambie daktari waziwazi unataka ya kupunguza hofu, si ya kumlegeza tu. Asepromazini, dawa ya siku nyingi, humlegeza mwili akalala chini huku moyoni bado anaogopa. Vidonge vya usingizi vya binadamu msimpe. Na pombe, ambayo nimesikia watu wazima wakiipendekeza, ndiyo kabisa.