Ngozi ya bibi harusi kwenye baridi ya Mbeya

Nilifunga ndoa Mbeya mjini, mwezi wa saba. Anayeijua Mbeya ameshaelewa shida yangu ilikuwa wapi. Mwezi wa saba hapa unaamka midomo imepasuka, viwiko vimepauka kama umeshinda mashine ya kusaga. Halafu gauni nililolipenda lilikuwa la mabega wazi.

Ushauri wa kwanza niliupata kwa mashoga zangu wa Dar es Salaam. Nawa uso mara tatu kwa siku na sabuni ya chunusi, usipake kitu kizito. Kwao sawa, wanapambana na jasho na mafuta. Mimi nilitii wiki mbili tu, mashavu yakaanza kubanduka kama ganda la kitunguu, nikicheka ngozi inavuta.

Aliyeniokoa ni shangazi yangu wa Tukuyu, alipokuja kwenye kikao cha harusi. Alinishika mkono, akapitisha ukucha, ukabaki mstari mweupe kama wa chaki.

"Mwanangu, unaoga maji ya kunyonyolea kuku?"

Kweli kabisa. Ndoo yangu ilikuwa ikifuka mvuke kama chungu cha maharage. Nikitoka kuoga najifuta hadi nakauka, naenda kuota moto wa mkaa, na losheni naikumbuka nusu saa baadaye. Maji ya moto sana huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na jiko linamalizia kilichobaki. (Na jiko la mkaa usilale nalo chumbani, hilo linaua, achilia mbali ngozi.)

Akanipangia: maji ya uvuguvugu, kuoga haraka, sabuni kwapani na sehemu zinazoihitaji, siyo mwili mzima mara mbili kwa siku. Taulo unakandamiza tu, husugui. Kisha kabla ngozi haijakauka, ile dakika ya pili au ya tatu, unapaka gilisirini iliyochanganywa na maji, na juu yake vaselini. Mafuta hayaleti maji mwilini, yanazuia yaliyopo yasipotee, ndiyo maana ukipaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka unabaki unang'aa juu na kuwasha chini. Visigino navyo usiku nilivipaka vaselini na kuvaa soksi. Mwezi haukuisha, ukucha wa shangazi ukawa hauachi alama tena. Usoni tu mafuta ya nazi yalinikataa, yaliniletea vipele kwenye paji la uso, nikabaki na losheni nyepesi isiyo na manukato.

Kitu ambacho hata shangazi hakukisema ni jua. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa takribani asilimia 10. Sisi upepo wa baridi unatudanganya, tunadhani jua halipo. Nilizunguka Mwanjelwa siku tatu kutafuta vitenge vya sare, kichwa wazi, fulana ya shingo pana. Mstari wa ile fulana ulibaki kifuani wiki nyingi. Kwa hiyo kofia, mtandio, na losheni ya kuzuia jua ya SPF 30 kwenda juu. Ila siku yenyewe mwambie mpambaji wako umepaka nini, kwa sababu baadhi ya losheni hizo zikipigwa flashi uso unatoka mweupe kama umepakwa unga.

Kisha mkorogo, yale makrimu ya kujichubua. Wifi yangu aliniletea kopo lisilo na lebo, "wiki mbili tu unakuwa chungwa." Makopo ya namna hiyo mara nyingi yana haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, na ndiyo maana yamepigwa marufuku nchini. Steroidi inakupendezesha mwanzoni, ukiiacha uso unalipuka. Zebaki huharibu figo, na inamfikia mtoto tumboni, na wengi wetu tunaingia kwenye ndoa tukitarajia mtoto mapema. Zile picha za uso Fanta, miguu Coca-Cola mnazijua. Lakini wifi humwambii hapana wiki mbili kabla ya harusi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikaweka kabatini.

Kosa langu kubwa lilikuwa Alhamisi, siku mbili kabla. Nilienda saluni moja "kusafisha uso kidogo tu", wakanisugua na singo iliyokamuliwa ndimu. Ijumaa asubuhi kidevu kilikuwa chekundu, vipele vimejaa, na jioni ilikuwa send-off yangu. Kitambaa cha maji baridi, vaselini kidogo, nikaapa kutokigusa tena. Kitu chochote kipya kwa uso kifanyike angalau mwezi mmoja kabla, maana ngozi inahitaji kama wiki nne kujijenga upya. Jaribu kwanza nyuma ya sikio, ngoja siku mbili. Piko nyeusi vilevile, ile dawa yake ya rangi huchoma baadhi ya watu hadi malengelenge. Nyusi tinda siku tatu kabla, basi.

Jumamosi kidevu kilifichwa na mekapu, mabega hayakuhitaji kitu. Ukumbini wifi alinivuta pembeni, akapitisha kiganja begani kwangu, akatabasamu.

"Umeona ile krimu yangu?"

Nikamshukuru.