Kabla ya kupima g (mchapuko wa mvutano wa dunia) hapa Mombasa, piga hesabu ya shaka kwanza

Wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza, ushauri wangu ni huu: hesabu ya shaka la kipimo, yaani kiasi ambacho kipimo chaweza kukosea, ifanyeni kabla ya jaribio, si usiku wa kuandika ripoti. Ikifanywa mapema huonyesha bidii iende wapi.

Chukua pendulamu. Yangu huifunga kwa mshipi wa kuvulia na chubwi la risasi. Fomula yake waijua: g = 4π²L/T², L ikiwa urefu wa pendulamu na T muda wa kwenda na kurudi mara moja. Derivativu ya sehemu huuliza jambo moja tu: L ikiyumba kidogo huku T imetulia, g itayumba kiasi gani? Jibu ni 4π²/T². Kisha ishike L, uiachie T: −8π²L/T³. Zidisha kila moja kwa shaka la kipimo chake, gawa kwa g, na utaona asilimia ya shaka la L ikiingia kama ilivyo, ya T ikiingia mara mbili. Jumlisha miraba yao, halafu tafuta kipeuo cha pili. Kanuni hii yafaa kwa sababu futi na saa hazitegemeani.

Sasa tia tarakimu. L ni mita 1, shaka milimita 2: asilimia 0.2. Pendulamu iende na kurudi mara 20, kama sekunde 40, na kidole kikosee sekunde 0.2: asilimia 0.5, ambayo kwenye g ni asilimia 1. Jumla ni 1.02. Hata ukifuta shaka lote la urefu, wabaki na asilimia 1! Huniuma kuona vijana wakibishana juu ya nusu milimita ilhali saa ndiyo inayowaangusha. Hesabu mara 100 badala ya 20, na shaka la g litashuka hadi takriban asilimia 0.28.

Kwetu jambo hili lina uzito wake. Vitabu vingi huandika g ni 9.81 (mita kwa sekunde mraba), thamani inayofaa London. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, usawa wa bahari, na g yetu ni kama 9.78. Tofauti ni asilimia 0.3 hivi. Ukiwa na shaka la asilimia 1 huwezi kuzitenganisha namba hizo mbili, kwa 0.28 ndiyo kwanza unaanza. Basi ukipata 9.77, tafadhali usiilazimishe ifike 9.81. Iandike pamoja na shaka lake.

Lakini derivativu hazioni kosa linaloegemea upande mmoja. Ukiivuta pendulamu nyuzi 10, T hurefuka asilimia 0.19 na g hushuka karibu asilimia 0.38, zaidi ya tofauti yote tunayoitafuta. Nyuzi 3 zatosha. Mshipi wa nailoni hunyumbuka, kwa hiyo pima urefu chubwi likiwa limeshaning'inia, hadi katikati yake. Na joto liwe kali vipi, zima panka: upepo huisukuma pendulamu kando ikaanza kuchora duara.