Sikukuu zinakuja, wapangaji wanasafiri: nyumba inabaki na nani?

Wasomaji wangu, karibu meseji zote za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti tofauti. Mwenye nyumba anasafiri, au wapangaji wanasafiri, au wote wanaondoka nyumba inabaki yenyewe, sasa afanyeje. Nimechagua tano. Nyumba za kupangisha nimezisimamia miaka mingi na baadhi ya makosa ntakayotaja humu niliyafanya mimi mwenyewe, kwaiyo ninachowaambia nakijua kwa machungu yake.

SWALI: Dada habari za kazi. Mi nina nyumba ya vyumba sita, vyote vina watu. Kila sikukuu wanne au watano wanaondoka na mimi mwenyewe huwa nimeshatangulia. Mara ya mwisho chumba kimoja kilivunjwa na mpangaji akanitupia lawama zote. Saivi nataka nifunge kamera kila mahali mpaka kwenye korido mbele ya milango yao. Ninunue zipi? (Mama wa vyumba sita)

JIBU: Pole sana mama yangu. Kabla hatujafika kwenye kamera naomba nikuulize, ile siku uliyoondoka kuna mpangaji hata mmoja alikuwa anajua nani kabaki na nani kasafiri? Nakuuliza hivo kwasababu mwizi wa sikukuu wala hahitaji kusubiri usiku wa manane, anaweza kuja mchana kweupe, anabisha hodi, akiitikiwa anauliza jina la mtu ambaye hayupo anaomba radhi anaondoka, asipoitikiwa ameshapata jibu lake. Sasa yule mpangaji aliyebaki chumba cha pili anasikia mlango wa jirani unagongwa gongwa, anadhani ni fundi uliyemtuma wewe, au ni ndugu wa jirani kaja kuchukua mzigo, anaongeza sauti ya TV anaendelea na mambo yake. Mtu alikuwepo hatua tatu tu kutoka pale na angeweza kupiga kelele mtaa mzima ukajaa. Ila hakuambiwa kitu, na asiyeambiwa hawezi kujua kipi cha kawaida na kipi sio.

Kwaiyo wiki mbili kabla ya sikukuu muulize kila mmoja pembeni, anaondoka lini anarudi lini, tena muulize kwa simu au ana kwa ana, usiulize kwenye grupu la wapangaji. Ukifungua hilo grupu ukaangalia namba moja moja utakuta kuna waliohama zamani hawajatolewa, na orodha ya vyumba vitakavyokuwa vitupu ni kitu ambacho mtu anapiga picha ya skrini sekunde moja tu kinasambaa. Alafu waombe ruhusa wanaosafiri umwambie yule anayebaki, na yeye mpe sentensi moja iliyonyooka: kati ya tarehe hii na hii sijamtuma fundi yeyote wala mgeni yeyote, ukimwona mtu na vifaa mlangoni kwa mwenzio usimfuate, nipigie hapohapo. Sentensi hiyo mama haina gharama yoyote, na mimi nikiambiwa nichague kati ya hiyo na kamera nachukua hiyo kwanza.

Cha pili nenda kaangalie ule mlango uliovunjwa. Angalia palipopasuka. Mara nyingi kitasa chenyewe unakikuta kizima kabisa, kilichoachia ni kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, maana fundi alikifunga na skrubu mbili fupi kama kucha ya kidole, zimeshika ubao wa juu tu hazijafika popote. Teke moja kibati kinang'oka na kipande cha mbao. Badilisha uweke skrubu ndefu za sentimita 7 au 8 zinazopita fremu mpaka zikashike ukutani kwenyewe, na bawaba nazo zifanyie hivohivo. Ni kazi ya asubuhi moja kwa milango yote sita. Na kama hujawahi kubadilisha silinda ya kitasa, ile sehemu inayoingia funguo, mpangaji akihama, bas hujui kuna funguo ngapi za nyumba yako zinazunguka huko nje.

Sasa kamera. Weka getini, mlango mkuu, ngazi za nje, sehemu ya kuegesha magari. Ile ya korido inayotazama mlango wa chumba cha mtu naomba uiache, maana hiyo inarekodi nani kaingia kwa nani na saa ngapi katoka, hayo ni maisha ya watu sio ulinzi, na ndani ya chumba ndo kabisa usithubutu. Waambie kwa maandishi kamera ziko wapi na nani anaziangalia, na bandika tangazo ukutani. Ile paswedi iliyokuja nayo kiwandani ibadilishe siku hiyohiyo inapofungwa na usimwachie fundi akaiunganisha na akaunti yake. Halafu ijaribu: zima umeme dakika tano uone. Kamera ya waifai rauta ikizima haikutumii kitu chochote, kwaiyo tafuta yenye memori kadi ndani na betri ya akiba. Na jiulize, simu ikikulilia kwamba kuna mtu getini na wewe uko mbali safari ya masaa nane, nani ataenda kuangalia? Jina la huyo mtu liwepo kabla ya kamera.

SWALI: Mpangaji wangu kasafiri wiki tatu na funguo ya akiba ninayo. Naweza kuingia nikague kama kila kitu kiko sawa? Nyumba si ni yangu? (Mwenye mali)

JIBU: Nyumba ni yako ndugu yangu lakini kwa muda wa mkataba kukaa humo ndani ni haki yake, umeshaipangisha. Sheria ya England ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inataka taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla ya kuingia kukagua, California nako taarifa ya saa 24 ndo kawaida, na mkataba wako nina uhakika una kipengele chake, kasome. Dharura ndo kitu kingine, maji yanatiririka chini ya mlango, harufu ya gesi, moshi, hapo ingia, ila ingia na shahidi, piga picha ya ulichokuta na mpigie mwenye chumba ukiwa bado umesimama humo ndani.

Kama unataka kukagua tu mwandikie kabla hajaondoka: naomba nipite mara moja kwa wiki kuangalia maji na madirisha, nitakuwa na fulani, unakubali? Wengi wanakubali na wanashukuru kabisa. Akikataa heshimu.

SWALI: Shikamoo. Nasimamia nyumba ya baba yetu ambaye hayuko tena. Mpangaji katoka juzi na mpya ataingia baada ya sikukuu, kama miezi miwili hivi nyumba itakuwa tupu na mimi nakaa mbali. Naomba unielekeze kila kitu kwasababu sijawahi. (Kijana msimamizi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Hapa ntakaa kidogo maana nyumba tupu ndo inayonipa hofu kuliko zote.

Anza na maji. Kuna mwaka nilifunga nyumba ya ghorofa niliyokuwa naisimamia nikasafiri, nimefunga madirisha, nimefunga milango kufuli mbili mbili, najiona nimemaliza. Siku ya nne napigiwa na mpangaji wa chini, ananiambia dada maji yanadondoka kupitia kwenye taa. Ule mpira mwembamba unaopeleka maji kwenye tanki la choo ulikuwa umepasuka. Nikamwambia zima umeme kwanza kwenye swichi kubwa, sasa kafunge koki kuu, akaniuliza iko wapi, na mimi nikakaa kimya kwenye simu kwasababu sijui. Walikuja kuikuta nyuma ya kabati la jikoni ambalo mpangaji wa zamani alilisogeza hapo, ina kutu imeganda, fundi bomba aliivutavuta na koleo karibu nusu saa na maji muda wote huo yanashuka. Dari lote la yule mpangaji lilianguka. Alikuwa na mtoto mchanga. Namshukuru Mungu walikuwa sebuleni.

Kwaiyo we mwanangu nenda leo katafute koki kuu, ifunge, ifungue, uone inazunguka. Kama imeganda ita fundi sasa hivi sio wakati wa sikukuu. Siku ya kuondoka ifunge kabisa, alafu fungua bomba moja la jikoni maji yaliyobaki yatoke, na kama kuna boila izime. Hata kuvuja kudogo kusikupite hivihivi, bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linamaliza zaidi ya lita 11,000 kwa mwaka. Mkirudi baada ya miezi miwili fungueni mabomba yote ya moto na baridi yatiririke dakika kadhaa kabla mtu hajaoga wala kunywa, maji yaliyolala kwenye bomba muda mrefu yanaota vijidudu.

Bima. Kama nyumba ina bima toa ile karatasi usome sehemu ya nyumba kukaa bila mtu, nyingi zinapunguza au zinaondoa fidia nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, nyingine 60. Miezi miwili yako inagonga palepale. Piga simu uwaambie kabla, na watakachokujibu waombe wakuandikie.

Piga picha za mita zote siku unayofunga, namba zionekane. Friji izime, ifute, mlango uuache wazi kidogo. Funguo usizitundike kwenye msumari zikiwa zimeandikwa namba ya nyumba kwa tepu nyeupe kama nilivyokuwa nafanya mimi zamani, weka alama unayoielewa wewe peke yako. Tafuta jirani au mtu wa kulipa apite, aokote karatasi zinazosukumwa chini ya mlango, akate majani, afungue pazia siku nyingine alifunge siku nyingine. Taa ya kuwaka mchana kutwa haisaidii kitu, inatangaza tu kwamba hakuna wa kuizima, afadhali uchomeke kitaima kinachowasha jioni na kuzima usiku, na nje uweke taa ya sensa, ile inayowaka yenyewe mtu akipita.

Na hili la mwisho kwako, wasomaji wengine mlisikie pia. Nyumba tupu iliyokwisha kutangazwa mtandaoni matapeli wanachukua picha zake, wanaitangaza upya kwa bei ndogo, wanapokea kodi ya watu wawili watatu, alafu wewe unarudi unakuta familia na godoro getini kwako. Tangazo likishapata mpangaji lifute, na mwambie jirani kabisa nyumba hii imeshapata mtu, yeyote atakayeleta wateja nipigie.

SWALI: Kodi yangu inaangukia katikati ya sikukuu na kila mwaka wanachelewa. Nikiwaandikia wanaona nawasumbua. Niandike vipi? (Mzee wa mkataba)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nadhani wanaona unawasumbua kwasababu meseji yako inakuja na kodi tu. Waandikie mapema, na ndani yake kuwe na kitu cha kwao. Mfano:

"Habari zenu wote. Benki zitafungwa siku za sikukuu, tafadhali mwenye nafasi alipe kabla ya tarehe 22, risiti ntatuma siku hiyohiyo. Nitakuwa safarini, bomba au umeme ukisumbua mpigieni fundi namba hii nimeshaongea nae, yeye ndo fundi pekee niliyemruhusu. Anayesafiri afunge koki ya chumbani kwake na achomoe vitu kwenye soketi, na aniambie mimi pembeni tarehe ya kurudi. Mnaobaki, umeme ukikatika tafadhali jenereta isiwashwe ndani wala korido, na mkaa usichomwe chumba kilichofungwa, ile hewa yake haina harufu wala rangi na inaua. Namba yangu ya akaunti haijabadilika na haitabadilika kwa meseji."

Huo mstari wa mwisho mzee usiuache. Matapeli wanaipenda mno hii misimu, wanatuma meseji kwa jina la mwenye nyumba kwamba kodi ya mwezi huu ilipwe namba nyingine, mpangaji anatuma kwa nia njema kabisa alafu mnakuja kugombana nyie wawili ambao hakuna aliyemkosea mwenzie.

SWALI: Mpangaji kaniomba binamu yake akae kwenye chumba chake akiwa amesafiri. Nikubali? (Naogopa)

JIBU: Soma mkataba kwanza kama unaruhusu mgeni. Mimi mara nyingi nakubali, chumba chenye mtu ni salama zaidi ya chumba kitupu, lakini nataka jina, namba ya simu, tarehe ya kuingia na kutoka, na mpangaji mwenyewe aandike kwamba chochote kitakachotokea ni juu yake. Akipokea pesa kwa huyo binamu au akianza kupangisha wageni wa siku mbili mbili hapo sio mgeni tena, umeshapata mpangaji mwingine usiyemjua, kataa. Ukikubali mpeleke huyo kijana mwenyewe kwa waliobaki wamwone sura, na umwonyeshe kengele ya moshi ilipo, bonyeza kitufe asikie inalia, na geuza nyuma uangalie tarehe ya kutengenezwa maana ikifika miaka 10 inatakiwa nyingine hata kama bado inalia.