Gia nyepesi za mlimani: anza nyuma

Ndugu, umeuliza kama ununulie baiskeli yako kranki mpya (mikono ya pedeli pamoja na sahani zake za meno) yenye sahani tatu, kwa sababu meno 42 mbele na 23 nyuma yanakumaliza magoti mlimani. Usinunue bado. Anza na gia za nyuma, ndipo unapopata nafuu kubwa kwa pesa ndogo.

Piga hesabu: 42 ugawanye kwa 23 ni 1.83. Ukifunga seti ambayo gia yake kubwa ina meno 28 unapata 1.5, yaani wepesi wa karibu asilimia 18. Utausikia siku hiyohiyo.

Kwanza tazama kama gia zako zimesokotwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kama kifuniko cha chupa, au zinateleza juu ya mifereji. Hizo ni aina mbili tofauti na haziingiliani. Baiskeli nyingi za zamani ni za kusokota, na kila seti ina kifaa chake cha kufungulia. Ukilazimisha kwa kisichofaa utavunja meno yake.

Kibadilisha gia cha nyuma, kile kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine, kikiwa kifupi cha mbio mara nyingi hukomea gia ya meno 26 au 28. Ukiizungusha pedeli taratibu, kigurudumu chake cha juu kisiguse gia kubwa.

Na cheni, tafadhali usiipuuze! Izungushe kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, kisha ongeza pingili mbili. Cheni fupi inaweza kung'oa kibadilisha gia chote.

Bado nzito? Pima kipenyo cha duara la boliti zinazoshika sahani ya mbele. Kranki ya milimita 130 hupokea sahani ya meno 39, ya 144 haishuki chini ya 41.