Maswali ya wasomaji: Banda la kuhamisha limenishinda kusogeza

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nimetengeneza banda la kuhamisha la kuku wa nyama, mita 3 kwa 2, mbao za mbili kwa nne na mabati juu mpaka ubavuni. Tatizo ni zito balaa, mpaka nipate watu wanne ndo linasogea, kwaio linakaa sehemu moja wiki nzima, nyasi zinakufa, na sasa kuku wawili wameanza kuhara damu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada. Anza na hao wawili, watenge leo leo na umwite daktari wa mifugo, manake kuhara damu mara nyingi ni koksidiosi, ugonjwa wa utumbo unaoletwa na kidudu kisichoonekana kwa macho, na inamaliza kuku haraka. Mayai ya hicho kidudu yanatoka na kinyesi, yakipata joto na unyevu siku moja mbili yameshakomaa na yanaambukiza, sasa kuku wako wiki nzima wanadonoa palepale walipochafua, hapo unategemea nini? Ndo maana banda la hivi linatakiwa kuhama kila siku, na eneo lililotumika libaki tupu wiki tatu nne nyasi zirudi, ingawa mayai mengine yanadumu ardhini miezi kadhaa kwaio kundi jipya ni bora lianzie upande mwingine kabisa.

Sasa uzito. Kwangu mimi banda ambalo mtu mmoja hawezi kulivuta peke yake si banda la kuhamisha, hata liwe zuri vipi. Ng'oa mabati ya ubavuni, weka waya, bakiza bati juu nusu ya banda kwa ajili ya kivuli na mvua, na ubavu mmoja wa kukinga upepo. Fremu mbili kwa mbili inatosha ila usisahau vipande vya mshazari kwenye kila kona, bila hivyo siku ya tatu banda limepinda na mlango haufungi. Magurudumu mawili yafunge nje kabisa, nyuma ya fremu, hivo ukinyanyua mbele na nyuma nako kunapanda kidogo. Mbele funga kamba, na pale pa kushika pitisha kipande cha bomba la maji ili isikukate mkono.

Kuhama ni asubuhi kabla hujawapa chakula, kuku mwenye njaa anakimbilia nyasi mpya mwenyewe. Vuta polepole, nusu hatua, simama, vuta tena, na mtu mmoja akae nyuma aangalie ule ubao wa chini, manake kuku wanaozubaa ndo hapo wanapobanwa miguu. Wakishazoea watakuwa wanatembea na banda bila hata kusukumwa. Kwa ukubwa wako usizidishe kuku 30, na vifaranga wasitoke nje kabla hawajaota manyoya vizuri, kama wiki ya tatu ya nne hivi.

SWALI: Kuku wangu wa nyama wanakula nyasi na wadudu siku nzima, naweza kupunguza chakula nusu?

JIBU: Hapana jamani! Kuku si mbuzi, tumbo lake halitoi nguvu ya kutosha kwenye majani, nyasi ni nyongeza tu. Ukikata nusu utashangaa mbona hawakui. Wape chakula chao kama kawaida na maji safi muda wote, na nyasi ziwe fupi, ndefu wanazilalia tu na zinabaki na umande.

SWALI: Mbwa wanachimba chini ya banda usiku, nimeshapoteza kuku. Nizungushie waya gani?

JIBU: Ule wavu mwepesi wa kuku unamzuia kuku asitoke, mbwa anauchana kwa meno. Sehemu ya chini, nusu mita hivi, weka waya mgumu wa kuchomelea wenye matundu madogo. Alafu kata vipande vya waya huohuo upana wa sentimita 40, vifunge kwa bawaba chini ya fremu, usiku unavilaza chali kwa nje, mbwa akija kuchimba anakutana na waya. Asubuhi unavikunja juu na kuvifunga kwa ndoano ndo unavuta. Na kama uwanja una mashimo, usiku weka banda pale palipo tambarare, manake uwazi wa ngumi moja tu unamtosha kicheche.