Laptopu kuzima ghafla ikiwa na asilimia 30

Ndugu uliyeuliza kuhusu laptopu yako yenye waranti, ikizima ghafla huku ikionyesha bado ina chaji asilimia 30, mara nyingi ni seli za betri zimechoka. Kwa kuwa waranti yako haijaisha, usikimbilie kununua betri nyingine. Pata ushahidi kwanza. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Kama ilikuwa 50,000 mWh (kipimo cha nishati ya betri) na leo inafika 22,000 tu, una hoja nzito. Ambatanisha ripoti hiyo na risiti na namba ya mashine, uwaandikie watengenezaji. Andika, usiishie kupiga simu. Wengine watadai ni uchakavu wa kawaida, na betri mara nyingi hupewa muda mfupi kuliko mashine yenyewe, kwa hiyo soma masharti na uwahi.

Ila ukiona padi ya kugusa imeinuka au mfuniko wa chini umebinuka, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, maana inaweza kuwaka moto. Tafadhali usiendelee kuitumia hata kidogo.